Usipa wa Gertruda

Edina Chiwambo alikuta kichanja cha mwisho kimelala chini. Ilikuwa Ijumaa ya Septemba 2009, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye alikuwa ameshuka ufukweni Mbaha kama kila siku, kumsaidia mama mkwe wake, Bibi Gertruda, kuanika usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Wavu wa kuanikia ulikuwa umekunjamana na nguzo moja imeng'oka. Alidhani ni upepo wa usiku. Halafu akaona miguu.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti, akavua kanga ya begani, akamfunika Bibi Gertruda mpaka kifuani. Kisha akamwita jirani aende kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akapiga simu polisi Mbinga.

Sajenti Beata Hyera wa upelelezi aliteremka na gari la kituo, akafika saa tano kasoro, vumbi la milimani limempaka mpaka kwenye kope. Watu walikuwa wamesimama mbali, kimya, wanaume wameshika kofia mikononi. Mganga wa zahanati alikuwa amemaliza kumtazama marehemu.

"Wanasema nguzo imemwangukia," alisema mganga kwa sauti ya chini. "Mimi sisemi hivyo. Kidonda kiko kisogoni, na kina ukingo wa mviringo, kama amepigwa na kitu kizito cha duara. Nguzo ingemchubua. Halafu angalia mchanga."

Beata alitazama. Chini ya kichwa palikuwa na damu kidogo mno. Tundu la nguzo lilikuwa zima, mdomo wake umetanuka pande zote. Nguzo iliyoangushwa na upepo hupasua udongo upande mmoja. Hii ilikuwa imetikiswa huku na huku na mikono ya mtu mpaka ikatoka.

"Hakufia hapa," alisema.

"Ndivyo ninavyoona mimi."

Alichuchumaa, akaikagua nguo ya marehemu pole pole. Kwenye kanga ya kiunoni kulikuwa na vipande vya uzi wa bluu, vifupi, vimekatwa kwa makali. Pindo moja lilifungwa fundo, vile wanawake wanavyofunga pesa. Alilifungua. Hapakuwa na pesa. Palikuwa na konzi ya usipa mkavu. Alipousugua kati ya vidole, chenga za mchanga zilimwagika kiganjani.

Alimwita Edina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mjane wa mtoto pekee wa Gertruda.

"Huu ni usipa wenu?"

Edina aliutazama, akatikisa kichwa. "Hapana, afande. Usipa wetu haugusi mchanga. Unatoka kwenye mtumbwi, unapanda kichanjani, unaingia guniani. Mama hakukubali vingine tangu nilipoolewa hapa."

Beata alijua hilo. Yeye alizaliwa Kingerikiti, kwenye kahawa na mahindi, na mama yake alikuwa akinunua usipa sokoni kwa kutazama alama: mishono miwili ya uzi wa bluu iliyopishana kama msalaba kwenye mdomo wa gunia. Usipa wa Gertruda. Wengine waliuza kwa bei ya chini na watu wakapita. Mchanga kwenye mboga huvunja jino, na huvunja heshima ya mwenye nyumba mbele ya wageni.

"Na alama ya bluu? Bado ni yake?"

"Aliikodisha. Jina na alama, kwa Bwana Othmar wa Mbinga. Sisi tulibaki kuuza kidogo hapa hapa, bila alama. Ilikuwa miaka mitano, inaisha Desemba. Alisema Desemba ikifika nitaendelea nayo mimi."

"Mna karatasi?"

"Alitia dole gumba. Karatasi ilibaki kwa Bwana Othmar. Mama hakujua kusoma, na katekista aliyekuwa shahidi amekwisha fariki."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jana, jua linazama. Alisema anatembea kidogo. Hakuwa na raha tangu Jumapili. Tulikwenda Tingi kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yetu. Wakatuandalia, wakamwambia, Bibi, leo unakula usipa wako mwenyewe, tumeununua Mbinga wenye alama yako. Alitafuna mara moja akaacha. Akala ugali mtupu mpaka mwisho. Nilimuuliza njiani, hakunijibu."

Watu wa Mbaha walikuwa na jibu lao. Jibu hilo liliitwa Pankras, mtoto wa kaka yake Gertruda, mvuvi aliyependa pombe kuliko wavu. Wote walisema walimsikia Jumatano kilabuni akilalamika kwamba shangazi yake ameuza jasho la ukoo kwa mtu wa mjini. Polisi walimkuta amelala ndani ya mtumbwi uliopandishwa nchi kavu, shati lina damu.

"Damu ya nini?" Beata alimuuliza.

"Nilipasua samaki jana, mbasa. Na hiki kidole nilijikata." Alionyesha kidole kilichofungwa kitambaa.

"Jumatano ulisema shangazi yako akifa hutamlilia."

"Nilisema." Pankras aliinamisha kichwa. "Na leo nimelia."

"Ulikuwa unamdai nini?"

"Sikumdai kitu. Nilitaka anipe ile alama niifanyie kazi. Akasema mkono unaotetemeka haushoni. Baadaye nikasikia kauza kwa Othmar. Niliumia, afande."

"Kauza au kakodisha?"

"Mimi niliambiwa kauza. Othmar mwenyewe aliniambia."

Mkuu wa polisi wa wilaya alitaka Pankras apelekwe Mbinga siku ile ile, akapelekwa. Kulikuwa na damu, ugomvi na mashahidi. Beata aliandika maelezo yake, lakini njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akifikiria fundo la kanga. Mwanamke anayefunga mchanga kwenye pindo lake anakwenda kumwonyesha mtu mchanga huo.

Jumamosi asubuhi aliingia dukani kwa Othmar Ndunguru, karibu na soko la Mbinga. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano, mpole wa sauti, ambaye kanisani hukaa mstari wa mbele. Alianza kwa kununua kahawa serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi, kisha bei zilipoyumba akahamia usipa. Sasa magunia yake yalifika Songea na Makambako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Msiba huu umenichoma. Nimekwisha tuma mchele kwa wafiwa."

"Mara ya mwisho ulionana naye lini?"

"Pasaka."

"Na Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Kingerikiti, nanunua mahindi. Nililala huko huko, ndani ya gari."

"Mkwe wake anasema jina la usipa ulilikodi, na mkataba unaisha Desemba."

Othmar alitabasamu kwa huzuni. "Yule binti simlaumu, amebaki peke yake. Lakini nililinunua. Moja kwa moja, mwaka 2005, nikalipa taslimu. Jina ni langu mpaka nife, na watoto wangu watalirithi. Sasa niambie, mtu mwenye mali yake ana sababu gani ya kumgusa bibi wa watu?"

"Karatasi iko wapi?"

"Ilipotea nilipohama duka. Lakini usinisadiki mimi. Waulize watu wa kodi ya mapato. Mimi si kampuni, ni mtu binafsi na duka langu, vitabu vyangu nawapelekea. Kila mwaka wakipiga hesabu ya mapato yangu wananipunguzia fungu la gharama ya jina lile. Serikali itanipunguzia kwa kitu nisichonunua?"

Neno lile lilikuwa na uzito. Beata alimshukuru, akatoka. Lilikuwa limemtosheleza kwa muda wa kutembea mpaka kona ya soko. Pale alisimama. Kama jina liliuzwa, Othmar hakuwa na sababu, na Pankras alikuwa nayo. Kama lilikodishwa, mambo yaligeuka juu chini: Desemba ikifika Othmar anabaki mtupu, isipokuwa mwenye jina awe hayupo na mkwe asiaminiwe. Kesi nzima ilikaa juu ya kitenzi kimoja, na mtu wa mwisho aliyekuwapo kwenye makubaliano, mbali na Othmar, alikuwa anazikwa mchana ule Mbaha.

Jumatatu alikwenda kwa Methodi Ndimbo, ofisa wa kodi waliyefahamiana kwenye kwaya. Methodi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono amekunja.

"Faili la mlipa kodi sikufungulii bila amri ya mahakama," alisema. "Hata wewe, Beata."

"Sijaja kuomba faili. Nataka kujua sheria. Jina la biashara ni mali?"

"Ni mali. Ni mali usiyoweza kuishika, lakini watu wanainunua, kwa hiyo ni mali."

"Na kodi yake?"

Methodi aliwaza jinsi ya kulirahisisha. "Chukua gari. Mfanyabiashara akinunua gari la kazi, linachakaa. Sheria inamruhusu kila mwaka apunguze sehemu ya bei kwenye mapato yake kabla hajatozwa kodi. Umenielewa? Sasa jina. Mtu akinunua jina zuri la biashara moja kwa moja, liwe lake siku zote, hilo halichakai. Halina siku ya kwisha. Huwezi kugawa bei kwa miaka isiyo na mwisho. Kwa hiyo kila mwaka hapati kupunguziwa kitu. Atahesabiwa bei ile siku atakapoliuza."

"Hapunguziwi hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wengi hugombana na mimi hapo. Lakini akilipia haki ya kulitumia jina kwa muda unaojulikana, tuseme miaka mitatu, ile haki inakwisha. Kila mwaka unaopita, theluthi moja imekufa. Basi tunagawa gharama kwa tatu, tunampunguzia fungu fungu."

Nje mtu alikuwa akipiga honi.

"Kwa hiyo mfanyabiashara akiniambia kwamba kila mwaka anapunguziwa fungu la gharama ya jina..."

"Kama anasema kweli," Methodi alisema taratibu, naye sasa ameanza kuona, "basi mwenyewe alishatuambia sisi kwamba haki yake ina mwisho. Mimi sijakutajia mtu, Beata."

"Hujanitajia. Amejitaja."

Alasiri ile ile alimtoa Pankras mahabusu, akamsainisha dhamana. Kesho yake aliteremka tena Mbaha na Othmar ndani ya gari. Alimwambia anahitaji kukagua ghala lake la ufukweni, na Othmar hakukataa. Njiani alisimulia habari za bei ya kahawa. Konstebo alikaa nyuma.

Ghala lilikuwa la bati, umbali mfupi kutoka kwenye vichanja vya Gertruda. Mlinzi wake, Sixbert, mtu wa Tingi mwenye mvi, alifungua kufuli bila kumtazama tajiri wake usoni. Beata alikuwa amemwomba Edina aje, naye alisimama mlangoni amejifunga kaniki ya msiba.

Magunia yalipangwa mpaka darini. Beata alitembea kando yake, akiangalia midomo ya magunia na alama za bluu. Kwenye safu za nyuma uzi ulikuwa umefifia kwa vumbi na mafuta ya samaki. Kwenye safu ya karibu na mlango uzi uling'aa. Alisogeza uso. Pembeni ya kila mshono mpya palikuwa na matundu mengine ya shazia, ile sindano kubwa ya magunia, matundu matupu ambayo uzi wake ulikwisha ondolewa.

"Magunia haya yameshonwa mara mbili," alisema. "Kwa nini, mzee?"

"Mishono ilikuwa mibaya. Vibarua hawa."

"Lini?"

"Sikumbuki. Wiki kadhaa."

Beata aliomba gunia moja lifunguliwe. Konstebo alikata uzi, akamwaga usipa kidogo juu ya turubai. Mchanga ulisikika ukidondoka kabla haujaonekana.

"Huu ulianikwa chini," alisema Edina.

"Soko linataka mzigo mkubwa," Othmar alisema. "Vichanja havitoshi. Hilo ni kosa la biashara, si la polisi."

"Si la polisi," Beata alikubali. Alikwenda kwenye mizani ya jukwaa kwenye kona. Mawe ya chuma ya kupimia yalikuwa yamepangwa juu ya rafu, kila moja mahali pake penye alama ya kutu, mviringo. Alama moja haikuwa na jiwe. "La kilo tano liko wapi?"

Othmar aligeuka kutazama mlango.

"Mzee Sixbert, shikamoo," Beata alimgeukia mlinzi.

"Marahaba."

"Sitakufokea. Bibi Gertruda alikuja hapa Alhamisi jioni. Nguo yake ilikuwa na vipande vya uzi huu. Alikuwa anakata alama yake kwenye magunia. Nani alimkuta?"

"Mimi niliambiwa niende Liuli," Sixbert alisema. "Nilimfungulia Bibi mlango, kisha tajiri akafika na gari jioni ile, akanipa nauli, akasema niende nikapumzike. Niliporudi asubuhi sakafu ilikuwa imeoshwa. Akaniachia uzi na shazia, akasema nishone upya magunia ya mbele. Niliposikia habari ya Bibi nilishona mpaka vidole vikatoka damu, maana niliogopa hata kusimama."

"Huyu mzee ni mlevi," Othmar alisema. "Mimi nilikuwa Kingerikiti. Nimekwambia, jina ni langu, sina sababu."

"Uliniambia niwaulize watu wa kodi, nikauliza. Hawakunifungulia faili lako, walinieleza sheria tu. Jina lililonunuliwa moja kwa moja halipunguziwi kitu kila mwaka, kwa sababu halina mwisho. Kinachogawanywa kwa miaka ni haki ya muda. Wewe mwenyewe ulinitamkia kwamba kila mwaka unapunguziwa fungu." Beata aliongea bila kupandisha sauti. "Ulitaka vyote viwili, mzee. Kwa watu wa kodi jina liwe la muda, upunguziwe. Kwetu sisi liwe la milele, usishukiwe. Mahakama itaomba faili, na humo tutakuta miaka mitano."

Othmar alikaa juu ya gunia. Alikaa kama mtu aliyechoka safarini, mikono juu ya magoti. Alitazama sakafu iliyooshwa.

"Alikuwa na wembe," alisema. "Niliingia nikamkuta anakata, gunia moja baada ya jingine, hana haraka, kama anachambua mboga. Nikamwambia, Bibi, mkataba bado. Akafungua fundo lake, akanionyesha mchanga. Akasema, Othmar, sitangoja Desemba, watu wanatafuna mchanga wanataja jina langu. Nikamwambia ana mkataba na mimi, akasema mkataba ni wa jina lake, si wa mchanga. Akafunga fundo, akaendelea kukata."

"Nawe?"

"Nilimwomba. Songea wamenizoea kwa alama ile, Makambako vile vile. Kule hakuna anayemjua Othmar. Nilimsihi aniongezee miaka, hata miwili. Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, wewe bila mimi ni mtu mwenye magunia tu." Alielekeza kidevu kwenye rafu ya mawe. "Nilinyanyua kilichokuwa karibu."

"Jiwe liko wapi?"

"Ziwani, mbele ya mawe yale meusi. Nilimbeba mimi mwenyewe. Alikuwa mwepesi."

Edina aligeuka akatoka nje. Konstebo alimfunga Othmar pingu, na Sixbert akabaki ameshika kufuli lililo wazi, hajui alifanye nini.

Siku ya tatu wapiga mbizi wa Mbaha walilitoa jiwe majini. Kesi katika mahakama ya Songea ilichukua zaidi ya mwaka. Faili la kodi lililetwa kwa amri ya jaji, na lilisema kile Othmar alichokwisha sema mwenyewe kwa mdomo wake dukani. Alihukumiwa, na watu wa kanisani kwake hawakujua wamwombee vipi, wakamwombea hivyo hivyo.

Siku ya hukumu Methodi alikutana na Edina kwenye ngazi za mahakama. Edina alimuuliza kama jina lile, sasa limerudi, atapunguziwa chochote kwa ajili yake.

"Hapana, mama," Methodi alisema. Alionekana kuona haya. "Hukulinunua, umelirithi, na marehemu alilijenga kwa mikono yake bila kulilipia. Kwenye hesabu za kodi halina bei. Utalipia kile utakachouza tu."

"Basi ni sawa," Edina alisema. "Mama hakunihesabia bei."

Alikaa msimu mzima hajashona alama. Kwanza alizunguka masoko ya Tingi, Kingerikiti na Mbinga pamoja na Pankras, ambaye alikuwa ameacha pombe kwa kadiri alivyoweza. Walisimama mbele ya wauzaji wakaeleza mchanga ule ulitoka wapi. Wengine waliwasikiliza, wengine waliwafukuza. Waliporudi, Pankras alisimamisha vichanja sita vipya.

Kisha Edina akapanda Mbinga kukata leseni. Karani wa ofisi ya biashara alikuwa kijana mgeni, ametoka mkoa mwingine.

"Jina la biashara?"

"Usipa wa Gertruda."

"Gertruda ndiye wewe?"

"Hapana. Mimi ni Edina Chiwambo."

"Basi mama, mwenyewe inabidi afike hapa."

"Hawezi kufika. Amelala Mbaha."

Karani aliinua uso, akataka kueleza taratibu, akaona kaniki ya Edina na jinsi alivyosimama. Wazee waliokuwa kwenye foleni nyuma yake walikuwa wamenyamaza, wanaume kwa wanawake, na mmoja wao alikuwa amevua kofia.

"Andika tu, mwanangu," mzee yule alisema. "Tunamjua."

Karani akaandika.